Kinshasa–Lubumbashi: saa ya wapi?

Jambo yenu bandugu! Jambo Katuba, jambo Kenya, jambo Ruashi, mitaa yetu ya Lubumbashi, na wewe unayeangalia kwa simu ya jirani, jambo pia. Niko hapa Liège, Ubelgiji, baridi inagonga meno, lakini leo tumalize ile kesi ya Desemba: kwa nini mdogo wangu alingoja ndege yangu mpaka akachoka.

Ndege yangu ilitoka Ndjili, kule Kinshasa, saa nne kamili asubuhi. Nikamwambia mdogo wangu: masaa mawili na robo tu, saa sita na robo niko Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Maskini akawahi, na viatu vya Jumapili. Akangoja. Saa sita na nusu, saa saba. Nyumbani mama ameshasonga bukari, sombe iko mezani. Natoka mlangoni saa saba na nusu, mdogo wangu ananitazama: “Yaya, ndege yenu ilikuwa inapita wapi?”

Haikupita popote! Saa ya Lubumbashi iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Inchi moja, saa mbili. Tiketi inaandika saa ya pale unapotoka na saa ya pale unapofika, ukizitoa hivihivi unapata masaa matatu na robo, ya uongo. Kurudi ndiyo kichekesho: nilitoka Luano saa nane, nikashuka Kinshasa saa tisa na robo. Binamu yangu akasema ndege za kwenda Kinshasa ndizo zina mbio!

Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,550 hivi. Ndege inakimbia zaidi ya 800 kwa saa, ongeza kupanda na kushuka, basi. Wazee waliochukua treni mpaka Ilebo, kisha boti kwenye mto Kasai, wakisikia nalalamikia masaa mawili watanipiga fimbo.

Wengi mnauliza: kutoka Brussels, Kinshasa au Addis Ababa? Kupitia Kinshasa ni 6,200 halafu hizo 1,550. Kupitia Addis ni 5,600, kisha 2,600. Kwa hiyo Kinshasa ni karibu zaidi, kama kilomita 450 hivi. Lakini mimi kilomita hazinichoshi, ziko hewani huko. Kinachonichosha ni kulala kwenye kiti cha chuma pale Ndjili, valizi katikati ya miguu, nangoja ndege ya asubuhi. Angalieni masaa ya kungoja kwanza, ndipo mnunue.

Sasa, Julai nakuja tena. Huku wakati wa baridi saa yetu ni ya Kinshasa, wakati wa joto ni ya Lubumbashi. Kwa hiyo nitaondoka na saa yenu mkononi, Kinshasa nitairudisha nyuma, Luano nitaipeleka mbele tena. Mama, sombe pika. Bukari usisonge mpaka nikupigie niko chini.