Kujilinda Ukiwa na Miaka Sabini

Shikamooni wazee wangu.

Asanteni. Niseme mapema: leo hakuna atakayevunja tofali kwa kiganja. Mzee wa miaka sabini hamshindi kijana wa ishirini kwa nguvu, na sikuja hapa kuwadanganya. Ninachofundisha ni namna ya kuondoka. Ukifika nyumbani na mifupa yako mizima, kazi imekwisha.

Naitaja mifupa kwa sababu kibaka akikusukuma, mara nyingi kinachokuumiza zaidi ni ardhi, si mkono wake. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya laki sita hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wengi. Kwa hiyo tunaanza na miguu. Kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, inuka bila kushika popote, kisha keti polepole. Usijibwage! Fanya hivyo asubuhi na jioni. Najua kuna anayejisemea kwamba misuli ya uzeeni haijengeki tena. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee wa miaka 86 hadi 96 waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8 nguvu za mapaja yao, kwa wastani, zilikuwa zimezidi maradufu.

Mkoba sasa. Akina mama, mnaupitisha shingoni mkidhani ndiyo usalama. Mwenye pikipiki akiudaka, anakuburuta nao. Uning'inize begani, upande usio wa barabara, na ukivutwa uachie. Hela ya pensheni isikae humo. (Wale wa "ile pesa tuma kwa namba hii" nitawasema siku nyingine, maana tutakesha.)

Wenye mkongojo, sikilizeni. Usiunyanyue juu kama unayemchapa mtoto. Ataudaka, nawe utabaki huna cha kuegemea. Kama unaweza kusimama bila kuuegemea, ushike kwa mikono miwili, ncha ielekee chini, umchome ugokoni. Choma kwa kifupi, rudisha, ondoka. Akikukamata mkono, usivute kurudi nyuma, maana hapo unapambana na vidole vyake vinne. Zungusha mkono kuelekea kwenye gumba lake, kunja kiwiko, chomoa.

Na sauti. Hapa nawaomba tuwe waangalifu. Sisi tukisikia "Mwizi!" tunajua kinachofuata: mawe, tairi, petroli. Unaweza kumuua mtoto wa watu kwa neno moja, pengine hata siye. Mimi nafundisha kupaza "Niachie!" na kuita majirani kwa majina. Jirani akisikia jina lake, hawezi kujifanya hakusikia.

Wanaojua haya vizuri ni mabibi wa Korogocho, Nairobi. Kule kumekuwa na vijana wanaowabaka vikongwe, wengine wakiamini kwamba bibi mzee hana Ukimwi. Mabibi wakaanzisha mazoezi, wakayaita Shosho Jikinge, yaani "Bibi, jikinge". Wanavaa magauni na vilemba vyao vya kila siku, wanapiga ngumi kwenye mto wa mazoezi, wanajifunza kulenga pua kwa kiganja, na wanapiga kelele za kukataa. Kwa maoni yangu, faida yao kubwa ni kwamba wanakutana. Bibi asipoonekana mazoezini, wenzake watamuulizia.

Hilo nalitilia mkazo kwa sababu ipo hatari isiyo na dawa ya ngumi. Kanda ya Ziwa, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka nenda rudi. Anayekuja usiku na panga humfukuzi kwa mkongojo. Tena wakati mwingine aliyemtuma ni ndugu anayetaka shamba. Basi mambo ya shamba yasiwe siri yenu ya chumbani. Mwenyekiti wa kijiji ajue, na mtu mwingine mnayemwamini, asiye wa ukoo, ajue. Ukitishwa, sema siku hiyo hiyo. Wazee wengi hunyamaza kwa kumwonea haya mtoto wao.

Haya, tusogeze viti ukutani. Wenye matatizo ya nyonga au presha mkae upande huu, mtafanya mkiwa mmekaa. Wengine simameni wawili wawili, na mzee wangu mwenye kofia, wewe utakuwa kibaka wangu. Nishike mkono. Kaza zaidi, usinionee huruma.