Kivuli cha Mawenzi

Asanteni, karibuni. Wengi wenu mmekua mkiuona mlima Kilimanjaro tangu utotoni, kwa hiyo sitawaeleza vilele vyake, Kibo na Mawenzi, ni nini. Nauliza tu: mbona picha zetu nyingi za mlima zinafanana na kalenda ya duka?

Jibu langu ni kivuli. Ukishaondoa rangi, ukabaki na picha ya nyeusi na nyeupe, huna tena kijani cha migomba wala bluu ya anga ya kukubeba. Wazee wa Kichagga husimulia kwamba Kibo alimpiga Mawenzi kwa mchi, ndiyo maana amechongoka vile. Pole yake, lakini kila jeraha lake hushika kivuli. Kibo ana mita 5,895, Mawenzi 5,149, na bado kwenye nyeusi na nyeupe huyu mfupi ndiye mwenye sura. Kibo akimulikwa usoni anakuwa sahani.

Hapa Moshi tunautazama mlima tukiwa kusini. Desemba jua limeegemea upande wetu. Likishapanda kidogo, mikunjo yote inafutika. Juni limehamia kaskazini, uso huu unabaki gizani. Mimi napenda Septemba: jua linachomoza mashariki kabisa, linaupapasa mlima ubavuni. Amka alfajiri. Saa nne mawingu yakishafunga, kanywe chai.

Theluji nayo ikijaa kwenye fremu, kamera huidhania kijivu, inakutolea majivu. Ongeza mwanga stopu moja, hata mbili; kila stopu ni mwanga maradufu.

Sasa filta, kile kioo cha rangi cha mbele ya lenzi. Tarehe 10 Aprili 1927, mpiga picha Ansel Adams alikuwa Yosemite, Marekani, mbele ya jabali la Half Dome, amebakiwa na mabamba mawili ya kioo, yaani picha mbili tu za kupiga. La kwanza alilipiga kwa filta ya njano. Akahisi anga litapwaya, akaweka nyekundu iliyokolea. Nyekundu huzuia bluu, hivyo anga likatoka karibu jeusi. Na kuna jambo wengi hulisahau: kivuli cha nje hupata mwanga wake kutoka kwenye anga la bluu, kwa hiyo nacho huzama zaidi. Kwenye simu, shusha bluu utapata kitu cha jinsi hiyo. Kidogo tu jamani, isije ikaonekana mvua ya mawe inakuja.

Tazameni hii yangu ukutani, nimetumia filta nyekundu. Kuna aliyeninong'oneza mlangoni kwamba pale chini imeungua wakati wa kusafisha. Haikuungua. Nyekundu huzuia kijani pia. Ule weusi ni migomba.