Ule unga wa dawa kwenye pumba

Shikamooni wazee wangu, na nyie wenzangu habari za hapa Pongwe. Asubuhi nimezunguka mabanda kadhaa na karibu kila stoo nimeukuta ule mfuko wa antibayotiki umefunguliwa pembeni ya mashudu, mnauchanganya kwenye pumba ili nguruwe anenepe haraka, sa hebu tuongee.

Siwaambii ni uongo mtupu. Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad walikuwa wanawapa vifaranga masalia ya kutengenezea antibayotiki iitwayo Aureomycin, walichokuwa wanakitafuta ni vitamini B12, wakaona vifaranga wanakua kuliko walivyotegemea, na kwa nguruwe ikawa hivyohivyo. Lakini dawa sio chakula jamani. Inapunguza bakteria wa tumboni wanaogombea chakula na kuuchosha mwili kupigana nao, ndo maana faida inaonekana zaidi kwa watoto walioachishwa ziwa juzi na kwenye mabanda machafu, huyu wako wa kilo 70 aliye pakavu anaongeza kidogo tu. Wadenmark waliacha kuwapa nguruwe wakubwa mwaka 1998, wale wakubwa hawakuyumba sana, walioharisha ni watoto nao walipokatiwa dawa, wakarekebisha chakula na matunzo, na mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku antibayotiki za kunenepeshea mifugo.

Kinachowachelewesha wa kwenu ni hili joto la Tanga. Nguruwe hatoki jasho kama sisi, akipata joto anaacha kula, na asiyekula hata umwagie dawa gunia zima hanenepi! Inua paa la makuti upepo upite, lowesha sakafu saa sita, maji ya kunywa yasikauke, mlishe alfajiri na jioni. Na pumba tupu haijengi nyama, tia dagaa au soya, hela ya ule unga inunue hivyo.

Kinachoniuma mimi ni usugu, yaani bakteria kutokufa tena kwa dawa. Ukiwapa dozi ndogo kila siku, wale bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki wanazaana. Mwaka 2015 China walitangaza wamekuta jeni, yaani chembe ya urithi, inayowapa bakteria usugu wa kolistini kwa nguruwe, kwenye nyama, na kwa wagonjwa hospitali, na kolistini ni dawa ambayo daktari anaishika nyingine zikishashindwa. Fikiria mtoto wako mwenyewe yuko kitandani.

Mama wa kanga ya njano ameuliza, akiumwa nisimtibu? Mtibu mama yangu, ila muite kwanza mtaalamu wa mifugo, maana homa ya nguruwe ni ya virusi na antibayotiki haiigusi. Akikuandikia, mpe dozi kamili mpaka siku ziishe hata kama ameshaanza kula, na usimchinje wala kumuuza kwa wa kitimoto mpaka zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zipite.