Kabla Hujauza Shamba, Pita kwa Daktari

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, Tanga

Mwalimu amenitambulisha vizuri, ila kasahau jambo moja: mwaka jana nilisimama hapahapa nikasema hayahaya, na nilipotoka mzee mmoja akanifuata hadi kwenye bajaji. "Kapteni, kwani ada ya urubani ni shilingi ngapi?" Saa nzima nimesema msianze na ada! Basi leo narudia, na anayesinzia asinzie.

Njia yenyewe mmeshaisoma kwenye simu zenu. Leseni ya mwanafunzi, halafu PPL, ya kurusha ndege bila kulipwa: angalau miaka 17 na saa 40 za kuruka. Halafu CPL, hiyo ndiyo ya kutafutia ugali: saa 200, au 150 ukisoma mfululizo kwenye chuo kilichoidhinishwa. Mwisho ATPL, saa 1,500 na miaka 21, hapo ndipo waweza kuwa kapteni wa ndege kubwa. Hivyo ni viwango vya chini vya kimataifa, na hapa kwetu msimamizi ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Yamekwisha hayo.

Linaloninyima usingizi ni kijana mmoja wa Ngamiani. Jina silitaji, mama yake huenda yumo humu. Baba yake alikuwa na shamba la machungwa Muheza, miti ya kuzaa, si miche. Akaliuza. Kijana akapelekwa chuo nje ya nchi, akapimwa afya daraja la pili, akapewa cheti, akaanza kuruka. Akapata PPL. Akaja likizo na miwani yake ya jua, ananionyesha video anatua: ndege inagusa lami kama mtu anayeweka kikombe cha chai kilichojaa. Nikafurahi. Nikamwomba nione cheti cha afya. Chini kabisa, herufi ndogo, mstari mmoja: haruhusiwi kuruka usiku.

"Hii nini?"

"Si kitu, ami. Walisema ni kawaida kwa wanafunzi."

Kawaida! Nyumbani ninacho kitabu cha Ishihara, kile cha miduara ya vidoti vya rangi, namba imejificha ndani. Ukurasa wa kwanza ni 12, huo kila mtu anausoma. Akasoma 12. Nikafungua mwingine, ulioandikwa 74. Akautazama, akacheka, akasema 21. Nikamwambia tazama tena. "Ni 21, ami." Mke wangu alikuwa anapita na sahani ya mihogo, akachungulia: "Si sabini na nne hiyo?" Kijana akamtazama mke wangu, akatazama kitabu, akanitazama mimi. Sikuwa na la kumwambia.

Nyekundu na kijani haoni kama tunavyoona wengine, na hakuwahi kujua. Tangu utoto embe bivu analitambua kwa kulibonyeza. Sasa CPL inataka cheti cha afya daraja la kwanza. Alipokwenda kupimwa akashindwa kitabu, akashindwa na kipimo cha taa. Shamba wakati huo lina mwenyewe mwingine, anavuna.

Najua mnachonong'ona: rangi ya nini, si ndege ina kompyuta? Njooni uwanja wenye safari za usiku. Pembeni mwa njia ya kutua ndege zimo taa nne kwenye mstari. Nyeupe mbili nyekundu mbili, unashuka sawasawa. Nyeupe zote nne, uko juu mno. Nyekundu zote nne, uko chini mno, na muda wa kubishana huna. Redio ikifa, mnara unakumulika taa: kijani tua, nyekundu wapishe wenzako uendelee kuzunguka. Wewe uliyeona 21 utafanyaje hapo, utawauliza abiria?

Tena tatizo hili la rangi ni la kurithi. Mara nyingi linapita kwa mama, ambaye mwenyewe anaona vizuri tu, linatokea kwa mtoto wa kiume. Kamuulizeni babu mzaa mama alikuwa anachagua vipi shati. Mnacheka; baba wa yule kijana hakucheka. Na miwani isiwatishe. Inaruhusiwa, mradi ukiivaa unafikia kiwango. Wenye miwani wamekata tamaa bure, na wasio nayo ndio mashamba yanauzwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo daraja la kwanza upime mwanzo, hata chuo kikikwambia la pili linatosha kuanzia. Linawatosha wao, wao wanauza saa za kuruka! Na upimwe na daktari aliyeidhinishwa na TCAA, si kila mwenye koti jeupe. Gharama yake mbele ya ada ni nauli ya bajaji.

Mwalimu ananionyesha saa. Haya, mbiombio. Leseni ya nchi nyingine haikuruhusu kurusha ndege ya usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, mpaka TCAA waitambue au waibadilishe. Uliza kabla hujapanda basi. Kiingereza kiwango cha nne cha kipimo cha marubani, hakikwepeki. CPL yenye saa 200 peke yake haikuketishi kwenye Airbus. Kuna idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo, ya injini mbili, na ya aina ya ndege yenyewe, na kabla ya hapo wengi wetu tumesota kwenye Caravan, kindege cha injini moja, Tanga, Pemba, Unguja, na jogoo wa mtu analia nyuma. Namna ya kuzipata saa kutoka 200 hadi 1,500 nilitaka kuieleza. Mwakani, inshallah.

Kitabu nimekuja nacho. Sogezeni meza dirishani, taa hizi hazifai, kinataka mwanga wa mchana. Wavulana kwanza. Atakayekosa asilie, mimi si daktari. Tutamwandikia aende hospitali akapimwe vizuri. Na mzee wa ada, nimekuona huko nyuma. Mstari unaanzia hapa.