Kaskaskia: Makao Makuu ya Jimbo Yaliyomezwa na Mto

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Illinois, Marekani, kwenye mji ambao mwaka 1818 ulikuwa makao makuu ya jimbo zima. Sensa ya 2020 ikakuta humo watu 21.

SHABANI: Ishirini na mmoja? Hao hata darasa moja hawajazi.

REHEMA: Na ile ya 2010 ilikuta 14, kwa hiyo tuseme wanaongezeka. Mji wenyewe unaitwa Kaskaskia.

SHABANI: Ngoja, dada, tuanze na mahali penyewe, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Enzi hizo kulikuwa na mito miwili. Magharibi ni Mississippi. Mashariki ni mto mdogo, nao unaitwa Kaskaskia, unaoteremka kwenda kuungana na mkubwa. Katikati ni ulimi wa nchi tambarare, udongo wa mafuriko, rutuba tupu. Mwaka 1703 mapadri Wajesuiti wa Kifaransa walihamia hapo pamoja na Wakaskaskia, wenyeji wenye jina hilo.

REHEMA: Haukubaki mji wa misheni kwa muda mrefu. Biashara ya ngozi ikashamiri, ngano ikalimwa, unga ukateremshwa kwa mashua hadi New Orleans. Na kazi hiyo ilifanywa pia na watumwa, Waafrika na wenyeji. Ukisikia watu wanausifia ule mji mzuri wa Wafaransa, hao huwa hawatajwi kabisa.

SHABANI: Kengele nayo wanaitaja kila mara!

REHEMA: Kengele haikosi. Ilisubiwa La Rochelle mwaka 1741, zawadi ya Mfalme Louis wa 15 kwa kanisa lao. Baada ya mkataba wa 1763, uliomaliza vita kati ya Uingereza na Ufaransa, Waingereza wakakabidhiwa eneo lote, na Wafaransa wengi wakavuka mto wakaenda Ste. Genevieve na St. Louis. Halafu usiku wa tarehe 4 Julai 1778, George Rogers Clark, kamanda wa Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru kutoka kwa Waingereza, na watu wake wakauteka mji pasipo kufyatua risasi. Inasimuliwa kwamba kengele ikapigwa kushangilia, ndipo ikapata jina la Kengele ya Uhuru ya Magharibi.

SHABANI: Mwaka 1809 ukawa makao makuu ya eneo la Illinois, 1818 ya jimbo jipya, na 1820 serikali ikahamia Vandalia, mji mwingine wa Illinois. Wengi husema hapo ndipo mji ulipokufa.

REHEMA: Mimi sikubaliani. Mwaka 1825 Lafayette, jenerali Mfaransa aliyewasaidia Wamarekani kupigania uhuru, alipozuru Marekani, bado Kaskaskia ulikuwa mji wa kumpokea mgeni wa hadhi yake. Na meli za mvuke ndiyo kwanza zilikuwa zinaongezeka mtoni. Bandari ilikuwa na kazi. Shida ni kwamba zile meli zilikuwa zinakula kuni.

SHABANI: Hapa ndipo ninapopapenda. Meli moja ya mvuke ilichoma magogo mchana kutwa, na haikuweza kubeba kuni za safari nzima. Kwa hiyo kila baada ya mwendo ilitia nanga, ikanunua kuni kwa wakata miti wa ukingoni. Ukingo mzima ukawa duka la kuni.

REHEMA: Na miti ile ndiyo iliyokuwa imeshika udongo.

SHABANI: Hasa. Mto unapopinda, maji ya upande wa nje huenda kasi na kuuchimba ukingo. Upande wa ndani huenda polepole na kutua mchanga. Hilo ni jambo la kawaida kwa mto wowote. Lakini ukiondoa mizizi, ukingo unamomonyoka upesi zaidi, mto unapanuka, unakuwa na kina kifupi, unaanza kutangatanga. Mississippi ikawa inasogea mashariki, inaukaribia ule mto mdogo. Watu wa mtoni walijipalia makaa, ingawa aliyekata mti mmoja hakuwa na namna ya kuliona hilo.

REHEMA: Mafuriko ya 1844 yaliuharibu mji vibaya, na makao ya kaunti yakahamishiwa Chester. Halafu Aprili 1881 ile shingo ya nchi iliyobaki kati ya mito ikakatika. Mississippi yote ikaingia kwenye mkondo wa mto Kaskaskia, ikauchukua kwa kiasi cha kilomita 16 za mwisho.

SHABANI: Na mji ulikuwa kwenye ukingo wa huo mto mdogo!

REHEMA: Ndiyo. Mkondo mwembamba umepewa maji ya mto mkubwa kuliko yote nchini. Lazima utanuke, na ulitanuka kuelekea kwenye nyumba. Haukuzama siku moja; ulimong'onyolewa mtaa kwa mtaa, miaka kadhaa. Katika miaka ya 1890 makaburi yalifukuliwa, mabaki ya maelfu ya watu yakazikwa upya kilimani ng'ambo ya mto. Kanisa likajengwa upya kusini zaidi.

SHABANI: Na ile hadithi ya laana? Ya kijana mwenyeji aliyempenda binti wa Kifaransa, baba mtu akamfunga kwenye gogo na kumtupa mtoni, naye akaulaani mji?

REHEMA: Ni ngano tu, kaka. Inawafaa wanaopenda mashaka yawe na mkosaji mmoja.

SHABANI: Ila mto haujaacha. Mwaka 1993 tuta la kuzuia maji lilibomoka, kijiji kizima kikafunikwa.

REHEMA: Wakarudi. Udongo ule bado unalimika vizuri. Kilichobadilika ni upande. Kisheria, mto ukihama polepole mpaka unaufuata. Ukihama ghafla mpaka unabaki palepale. Huu ulihama ghafla, kwa hiyo Kaskaskia imebaki ya Illinois ingawa iko upande wa Missouri.

SHABANI: Kwa hiyo wakienda kwao?

REHEMA: Wanapita Missouri, kwenye daraja la mkondo wa zamani. Msimbo wao wa posta ni wa Missouri, wa simu ni wa Illinois, na kura wanapiga Illinois.