Mbao Pwani: Damu Inasema Nini Baada ya Shambulio la Moyo

(Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa skuli, Wete, Pemba)

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, ahsanteni kwa kubaki baada ya alasiri. Najua wengine mna karafuu mkekani na wingu lile si la kuaminika, basi sitarefusha.

Siku moja alinijia maabara kijana ambaye babake katibiwa shambulio la moyo. Mkononi ana mfuko wa plastiki, ndani karatasi mbili. Ya kwanza, ya hospitali ya huku, imeandikwa troponini 0.9. Ya pili, ya ng'ambo, 900. Kijana analia: "Mzee anakwenda, imezidi mara elfu!" Nikamwonesha herufi ndogo pembeni. Ya kwanza ilihesabiwa nanogramu kwa mililita, ya pili nanogramu kwa lita, na lita moja ni mililita elfu. Kiwango ni kile kile! Tena mashine tofauti hazilinganishwi kirahisi, maana kuna troponini I na kuna T.

Troponini ni protini iliyomo ndani ya msuli wa moyo. Mshipa unaoulisha moyo ukiziba, sehemu ya msuli hufa, na protini hiyo humwagikia katika damu. Nyinyi watu wa bahari mtanifahamu upesi: chombo kikipasuka mwambani usiku, asubuhi tunaokota mbao pwani. Mbao zikiwa nyingi, kilichovunjika si kidau. Troponini huanza kuonekana saa chache baada ya maumivu, na huweza kubaki wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo kuzikuta mbao siku ya tano si lazima chombo chengine kimepasuka. Tunatazama kama zimeongezeka tangu jana.

Na hapa ndipo watu wanapotishika bure. Mshipa ukizibuliwa, kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda au kwa kiputo kidogo kinachopulizwa ndani ya mshipa, kile alichokitumia Andreas Grüntzig mara ya kwanza kwa mgonjwa wa moyo kule Zurich mwaka 1977, damu hurudi na kuzisomba mbao zote kwa pamoja. Namba hupanda kwa kasi na kufika kileleni mapema kuliko kwa asiyezibuliwa. Jamaa wakiona imepanda baada ya tiba, husema daktari kaharibu. Mara nyingi ni ishara kuwa njia imefunguka. Mimi namba moja peke yake siiamini. Nipeni tatu, na saa ilipotolewa kila damu.

Kipimo chengine ni BNP, homoni ambayo B yake ni "brain", yaani ubongo. Watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, mniwie radhi, na jina la ubongo likaselelea ingawa kiwanda chake kikubwa ni moyo wenyewe. Chumba cha moyo kikivutika kwa kuelemewa, huimwaga kwenye damu. Ikibaki juu baada ya tiba, tunachelea moyo hautamudu kazi huko mbele. Ila uzee na figo dhaifu huipandisha, na unene huishusha, kwa hiyo mtu mnene asifurahie namba ndogo haraka.

CRP, kipimo cha uvimbe wa ndani ya mwili, na seli nyeupe za damu napita mbio: zikipanda sana si habari njema, lakini hata jino bovu huzipandisha.

Ninayoipenda mimi ni kriatinini, kipimo cha figo, rahisi na cha siku nyingi. Kwanza, dawa inayotiwa ili mishipa ionekane kwenye picha huweza kuichosha figo, ndiyo maana damu hurudiwa siku mbili tatu baadaye. Pili, madaktari wanayo kanuni iitwayo GRACE ya kukadiria hatari ya kifo. Ina mambo manane: umri, mapigo, presha, dalili za moyo kushindwa, kama moyo ulisimama mgonjwa alipofika, mabadiliko ya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, kriatinini, na vimeng'enya vya moyo, yaani alama za msuli ulioumia kama troponini. Yahesabuni. Ya damu ni mawili tu! Sita yaliyobaki hupatikana kwa kumuuliza mgonjwa, kumpima na kumfunga waya kifuani. Nasema haya nami ni mtu wa maabara, damu ndiyo riziki yangu.

Bi Mkubwa pale nyuma anauliza kama lazima aje na njaa. Kwa troponini, hapana, mama, kula uje. Na kama kutolewa damu kunabatilisha saumu ya Alkhamisi, sheikh huyu hapa mbele, mimi simo.