Gobi Hafi kwa Maji, Hufa kwa Njaa

Mazungumzo ya barazani juu ya kufuga samaki tangini, Unguja Mjini, baina ya Magharibi na Isha

Assalaam alaykum. Vijana wa mbele sogeeni kidogo, na wenye vichupa viwekeni chini ya kibao, mtoto asije akavipiga teke. Muda wetu ni mpaka adhana ya Isha tu, kwa hivyo sitasema habari ya klorini, wala chujio, wala kwa nini tangi jipya liachwe wiki kadhaa na mimea yake kabla ya kutiwa samaki. Mmeshanisikia. Asiyenisikia amwulize aliyekaa naye.

Leo ni gobi, wale samaki wadogo wanaokaa chini ya tangi. Na gobi si mfagiaji. Nalisema hili kila mwaka, na kila mwaka anatokea mtu akaniambia, "Maalim, nimenunua wale wadogo wa chini, wanisafishie mabaki." Wakusafishie! Wewe ukialikwa harusini, ukakalishwa mlangoni ule kinachodondoka kwenye sahani za wenzio, utasema umealikwa?

Gobi anakaa chini kwa sababu ya umbo lake. Wengi wao kibofu cha hewa ni kidogo mno au hakipo kabisa, kwa hivyo akiacha kupiga mkia anazama. Na mapezi yake ya tumbo yameungana yakawa kama kikombe, ananata nacho juu ya jiwe. Basi. Kukaa chini hakumfanyi awe mla taka, kama vile bawabu kukaa mlangoni hakumfanyi awe mwizi wa viatu.

Mimi mwenyewe niliwaua watano. Niliwanunua sita Dar es Salaam, wale gobi nyuki, manjano kwa mikanda myeusi, kila mmoja urefu wake hauzidi kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Nikawaleta kwa boti, mfuko ndani ya kikapu, kikapu mapajani. Ilikuwa kusi, bahari imechafuka, abiria wanatapika kulia na kushoto, na mimi nimekikumbatia kikapu kama mtoto mchanga. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Hawa wanakula chochote." Nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini.

Nikawatia kwenye tangi langu kubwa, pamoja na gapi, wale samaki wadogo wanaoogelea juu, na samaki wengine wepesi. Nikinyunyiza chakula cha vipande juu, gapi wanakimaliza kabla sijafunga kopo. Gobi wamekaa juu ya kigae, wanatazama. Nikasema, hawa watulivu, watakula kinachoanguka. Hakikuanguka kitu. Na hata kingeanguka, gobi nyuki hakijui. Yeye jicho lake linafuata kitu kinachotikisika, na kilichokufa kwake ni mchanga.

Wiki ya tano mjukuu wangu akaweka pua kwenye kioo. "Babu, mbona tumbo la huyu limeingia ndani?" Mtoto wa miaka sita! Mimi nimefuga samaki tangu nywele nyeusi, sijaona. Nikabadilisha maji. Nikatia dawa. Nikampigia simu rafiki yangu akaniambia chumvi. Nikatia chumvi, mimea ikaanza kuyeyuka, gobi wakaendelea kufa mmoja mmoja. Kila kitu niliwapa isipokuwa chakula.

Wa sita nilimtoa nikamtia ndoo ya maji uani, chini ya mpera, na fungu la mosi ya Java, ule mmea wa majini, afe kwa amani. Haki ya Mungu, nilimsahau. Siku kumi baadaye bibi yenu ananiita kwa ukali, kuna ndoo ya maji imelala uani, inazaa mbu. Nikaenda kuimwaga. Ndani hakuna hata kiluwiluwi kimoja. Kuna gobi, tumbo kama tende.

Mbu walikuwa wakija kutaga, na yeye akivuna. Hapo ndipo nilipopata elimu, na aliyenipa hakuwa na leseni ya kufundisha.

Sasa namwona mmoja pale nyuma anataka kusema. Sema tu, nakujua: "Maalim, Zanzibar imehangaika na malaria mpaka imeshuka chini ya asilimia 1, na wewe unatufundisha kufuga mbu?" Sikufundishi kufuga mbu. Nakufundisha kumtega. Mbu aliyetaga kwenye ndoo yako hakutaga kwenye tairi la jirani. Lakini sharti moja, na hapa sina mzaha: ndoo haivuki siku ya tano. Kwa joto letu, yai linaweza kuwa mbu kwa muda wa wiki hivi. Kila baada ya siku mbili chota viluwiluwi kwa kichujio cha chai. Siku ya tano pitisha maji yote kwenye kitambaa na uanze upya. Ukiona wale wenye kichwa kikubwa na mkia uliojikunja kama alama ya mkato, umechelewa. Hao wanakaribia kuruka. Na usichote mtaroni. Mtaroni mna sabuni na mna mengine ambayo sitayataja karibu na wakati wa chakula. Asiyeweza kuhesabu mpaka tano anunue mayai ya artemia, vile vijidudu vya maji ya chumvi. Maji ya bahari tunayo bure: tia mayai, pampu ya hewa ichemshe chupa, na baada ya siku moja mpaka moja na nusu wametotoa. Waoshe kwa maji yasiyo na chumvi juu ya kitambaa, ndipo uwape.

Na kuwapa kuna namna yake. Zima pampu. Wape gapi chao upande mmoja wa tangi, wote wakimbilie huko. Halafu kwa sirinji isiyo na sindano, yenye kijimpira kirefu, peleka viluwiluwi mpaka mlangoni mwa gobi, upande wa pili. Dakika tatu. Tunakaa saa nzima kubishana mpira, dakika tatu tunazikosa?

Chumvi: gobi nyuki atiliwe au asitiliwe? Haya, tuimalize. Gobi nyuki anatoka Asia ya Kusini-Mashariki, na jamaa zake wengine wanapatikana maji baridi, wengine maji ya chumvi kidogo. Asichokipenda kwa kawaida ni maji laini, yasiyo na chokaa, yaliyogeuka kuwa na asidi. Sisi kisiwa chetu ni mawe ya chokaa; tazama birika lako lilivyo na ukoko mweupe ndani. Kwa maji hayo unabishania chumvi ya nini, na tangi lako lina mimea? Ukiona lazima, lita 1 ya maji ya bahari kwa lita 10 za maji baridi itakupa gramu 3 hivi kwa lita. Uchote maji yakijaa, mbali na bandari. Lakini mimea mingi italalamika, itabaki valisneria na jani la Java, na samaki wa tetra watoe kabisa. Mimi siweki.

Tangi la lita 60 linatosha gobi nyuki wanane. Wawili watatu ni vita, mkubwa anamwandama mdogo mpaka amfukuze kwenye chakula. Wakiwa wengi ugomvi unagawika. Mapango yazidi idadi ya samaki: vigae vya chungu, au vifuu, vichemshwe kwanza. Maji yakigeuka rangi ya chai msinipigie simu, hayana neno. Mimea iwe mingi na samaki wachache. Mliokuwa na matangi ule umeme ulipokatika Disemba 2009 mpaka Machi 2010 mnakumbuka nani alibaki na samaki. Nilikuwa na tangi limejaa valisneria, limekaa karibu na dirisha, halina pampu miezi mitatu, na sikupoteza hata mmoja. Jirani yangu, tangi zuri, taa za rangi, samaki arubaini, hakuna jani. Siku ya pili alikuwa anawatoa kwa ungo.

Muda unakwisha. Stifodoni, gobi wale wa vijito vya milimani wanaong'aa buluu: hao kweli wanakula utando wa mwani juu ya mawe, lakini utando wenyewe uwepo, na mkondo wa maji uwepo. Tangi lako jipya linalong'aa halina utando, ni jangwa. Na wakati wa kaskazi maji yakipanda joto hewa inapungua, hao ndio wa kwanza kuhema. Kuzaliana tuache, watoto wao wanachukuliwa na mto mpaka baharini na kurudi wakubwa kidogo, na wewe huna mto sebuleni. Gobi shujaa, yule mwenye madoa, anayavumilia maji yetu magumu vizuri, ila kamba wadogo usimwekee. Na wale mnaowachota kwenye mito msiwalete kabla hamjawajua: kuna gobi wa huku kwetu Afrika Mashariki anayepita sentimita 30 na chakula chake ni wenziwe.

La kutupa samaki mtoni... hili lina mhadhara wake. Gobi mmoja wa Bahari Nyeusi alionekana Amerika Kaskazini mwaka 1990, inaaminika alisafiri ndani ya maji ya meli, na leo amejaa yale Maziwa Makuu yao. Mto Mwera hauna ukubwa wa kubeba makosa ya mtu.

Haya, hiyo adhana. Viluwiluwi vimo kwenye vichupa, kila mmoja achukue kimoja, ni vya jana, vina siku tatu za heri. Na vichupa vyangu virudi. Mwaka jana vilirudi vinne.